Mtanzania akiambiwa aje na vazi la taifa, avae nini?

Msafiri wa Bara (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mkutano wa kitaaluma nje ya nchi, ambako waandaaji walikuwa wametenga jioni moja ya utamaduni na kumtaka kila mjumbe aingie ukumbini akiwa amevaa vazi la taifa lake. Barua ya mwaliko ilieleza jambo hilo waziwazi, nami niliisoma, nikaikunja, nikasahau. Jioni ilipofika, wajumbe wawili wa Ghana waliingia wakiwa wamejitanda kente, Mnigeria akafuata na agbada ambayo mikono yake aliipandisha mabegani kila alipotaka kushika glasi, mama mmoja wa Rwanda akaja na umushanana, kisha nikaingia mimi na suti nyeusi na tai ya bluu. Mhudumu wa mlangoni aliniuliza kwa adabu kama mimi ndiye niliyekuja kurekebisha vipaza sauti.

Tangu siku hiyo swali halijanitoka kichwani. Sisi ni watu tunaojivunia nchi yetu bila haya. Tunakimbiza Mwenge nchi nzima kila mwaka, tunakosana na wageni wanaouhamishia Mlima Kilimanjaro nchi nyingine, na mtu akituuliza inawezekanaje makabila zaidi ya 120 kuishi chini ya paa moja, tunamjibu kifua mbele. Lakini fahari hiyo yote, ikitakiwa ionekane mwilini, inakosa nguo. Serikali imewahi kuunda kamati ya kusaka vazi la taifa, magazeti yakaandika, watu wakabishana, na mimi hadi leo siwezi kuingia dukani nikaomba vazi hilo nikapewa.

Mwaka huu nimealikwa tena. Mwenzangu wa kike tutakayesafiri naye hana shida, kwa kuwa atavaa kanga na hakuna Mtanzania atakayemuuliza kwa nini. Mimi mwanamume ndiye niliyebaki nikikodolea macho kabati. Shuka la Kimasai nimelifikiria, na ninajua lingependeza kwenye picha, ila mimi si Mmasai, na ninaona haya kuazima heshima ya watu kwa ajili ya jioni moja. Naomba mnisaidie katika mambo mawili. Kwanza, ninaweza kuvaa nini bila kuwa mwongo? Pili, je, kukosa vazi la taifa ni dalili kwamba fahari yetu ina kasoro mahali fulani, au ni jambo dogo ninalolikuza kwa sababu ya aibu yangu mwenyewe?

Mshona Nguo

Ndugu Msafiri, pole kwa vipaza sauti. Mimi ni fundi cherehani, kazi niliyoifanya kwa zaidi ya miaka 20, na kila mwaka ninapata wateja wa aina yako, ambao hunijia siku tatu kabla ya safari wakisema niwashonee kitu cha Kitanzania. Nikiwauliza kitu hicho ni kipi, hutoa simu na kunionesha picha ya mshono wa Nigeria. Sisemi hivi kwa kuwacheka, kwa maana nami ninaushona na ninalipwa. Ninachotaka kusema ni kwamba hata kile kitenge tunachokiita cha Kiafrika kilikuja kwa njia ya mzunguko: Waholanzi waliiga batiki ya Java katika karne ya 19, wakaitengeneza kwa mashine, na soko walilolipata likawa Afrika Magharibi, kabla vitenge havijazoeleka huku kwetu. Kwa hiyo anayetafuta kitambaa ambacho hakijawahi kuvuka bahari atabaki uchi.

Kuhusu kanga, wengi huniuliza kwa nini isifanywe suti ya wanaume tukamaliza ubishi. Sababu ni ya kifundi kuliko ya kiutamaduni. Kanga haikutengenezwa ili ikatwe. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno, lililochapwa chini ya mji. Ukiizungusha kiunoni au kuitanda kichwani, kila kitu kinakaa mahali pake. Ukiitia mkasi, unaanza kuamua kipi kife. Wakati mmoja mteja aliniletea doti yenye jina WEMA HAUOZI, akitaka gauni la kuvaa kwenye harusi ya binti wa dada yake. Nilipima, nikakata, na kwa kuwa mama alikuwa na mwili na kitambaa hakikutosha, neno la kwanza lilimezwa na mshono wa ubavuni. Mgongoni likabaki neno moja tu, HAUOZI. Mama wa watu aliketi meza ya mbele, na wanawake wa meza za nyuma walicheka tangu maharusi wanaingia mpaka keki inakatwa, kwa sababu siku ya kuoza mtoto yeye alikuwa ametangaza mgongoni kwamba hapa haozwi mtu. Nilimrudishia pesa yake yote, na tangu siku hiyo ninasoma kanga kabla ya kuikata.

Ushauri wangu kwako nitautoa nikiona wengine wamesema nini, maana ninaona mada hii itakuwa ndefu.

Binti wa Unguja

Assalamu alaikum nyote. Nimefurahi kwamba fundi ameanza na kanga, lakini ningependa aliyeuliza ajue kanga imebeba nini kabla hatujaifanya kiraka cha shati.

Katika karne ya 19, wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi zilizochapwa, ambazo zilikuja zikiwa bado ni jora moja lisilokatwa, wakakata vipande vya leso tatu tatu, wakaviunganisha viwili na kupata nguo moja pana. Baadaye wafanyabiashara wakaona ni heri waagize nguo nzima iliyochapwa hivyo tangu mwanzo. Katika miaka hiyohiyo Unguja ilikuwa na maelfu ya watumwa, na nguo zao zilijulikana kwa mbali: merikani, yaani kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi kilicholetwa na Wamarekani, na kaniki, ambayo ni nguo ya rangi ya giza. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na utumwa wenyewe ukapigwa marufuku visiwani mwaka 1897. Wanawake waliotoka utumwani waliiweka kaniki kando wakaanza kuvaa kanga za rangi, ili mtu anayekutana nao njiani asiweze tena kuwatambua kwa nguo kwamba jana walikuwa mali ya fulani. Ninapomsikia mtu akisema kanga ni nguo ya jikoni, huwa namwachia tu aseme, ila moyoni nasikitika.

Sasa nije kwa wanaume. Ndugu Msafiri umesema umebaki ukikodolea macho kabati, na mimi nashangaa, kwani kanzu na kofia vimekukosea nini? Bibi yangu alikuwa akidarizi kofia za viua. Kitambaa cheupe huchorwa nakshi kwa kalamu, kisha kila tundu dogo hutobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi mpaka likaze, mamia kwa mamia ya matundu, na kofia moja iliweza kumchukua miezi kwa sababu aliishona baada ya kazi za nyumba. Alipomaliza aliipeleka dirishani, akaitazama dhidi ya mwanga, na tundu moja likiwa halikukaza alilifumua na kulirudia. Mwanamume aliyevaa kofia kama hiyo ameweka kichwani subira ya mwanamke fulani. Sijui kente inazidi nini hapo.

Mzee wa Zamani

Wanangu, nimewasoma kwa utulivu. Naomba niwakumbushe kwamba nchi hii iliwahi kulichukulia suala la mavazi kwa nguvu, na matokeo yake niliyaona kwa macho yangu nikiwa kijana wa Dar es Salaam.

Siku Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba ile alisema kwamba wakoloni walitufanya tuamini kuwa hatuna utamaduni wa kwetu, na aliuliza ni wangapi miongoni mwetu tunaojua kucheza gombe sugu, kiduo au lele mama, ilhali rumba na chachacha tunazicheza vizuri. Swali lile lilituchoma kwa sababu lilikuwa la kweli. Nilikuwa mchezaji hodari wa chachacha, na lele mama sikuijua hata hatua moja.

Lakini kati ya kuuliza swali zuri na kulijibu kwa amri kuna shimo. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na mikorogo ya kujichubua, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Mapema mwaka huohuo wa 1968 huko Arusha kulikuwa na kampeni nyingine ya kuwataka Wamasai waache mavazi yao na kuvaa suruali, kwa hoja kwamba mavazi yale yanaliaibisha taifa la kisasa. Tazameni mambo yalivyokuwa: binti wa mjini aliambiwa amevaa kizungu mno, na Mmasai akaambiwa hajavaa kizungu vya kutosha, tena katika kipindi kilekile. Dada yangu alificha wigi lake ndani ya debe la unga, akalitoa baada ya miezi kadhaa likiwa limejaa fukusi, akalia kama aliyefiwa. Viongozi wenyewe, wale waliokuwa wakitufundisha utamaduni, walivaa kaunda suti, vazi lililoitwa kwa jina la rais wa Zambia na ambalo ukilitazama vizuri ni koti la kizungu lililonyimwa tai.

Leo hayo mawigi wanavaa wajukuu zangu wote, na shuka la Mmasai lililotuletea aibu ndilo linalowekwa kwenye matangazo ya utalii. Ndiyo maana mimi nikisikia neno kamati katika jambo la nguo, nakaa chonjo.

Kwa binti wa Unguja, nakuunga mkono kuhusu kofia, ila usisahau kwamba mtu wa bara akivaa kanzu wengi watamdhania Mwislamu, na huenda hilo ndilo linalomsumbua huyu ndugu ijapokuwa hakulisema.

Binti wa Unguja

Shikamoo mzee. Hilo la dini nimelisikia tangu utotoni, na jibu lake liko ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Muganda Mkristo anapokwenda kujitambulisha ukweni huvaa kanzu na koti juu yake, na padri akiwepo hashangai. Wahaya wetu wa Bukoba pia huivaa kanzu katika sherehe zao bila kuuliza imani ya mtu. Kanzu iliwafikia pamoja na wafanyabiashara wa pwani, wakaipokea, wakaifanya yao. Hata gomesi, ambayo leo mwanamke wa Buganda hawezi kukosa, ilipata jina lake kutoka kwa fundi cherehani mwenye asili ya Goa aliyeitwa Gomes, mwanzoni mwa karne ya 20. Kama fundi wa Kigoa anaweza kuwashonea Waganda fahari yao, mtu wa Iringa anashindwaje kuvaa kanzu ya Mzanzibari ambaye ni raia mwenzake tangu tarehe 26 Aprili 1964?

Jirani wa Mombasa

Nawasalimu kutoka ng'ambo ya mpaka, na naomba radhi kwa kuingilia mazungumzo ya wenyewe. Nataka tu kuwaambia kwamba sisi Wakenya tumeshaipita njia hii. Mwaka 2004 kulifanyika msako wa vazi la taifa uliodhaminiwa na watengenezaji wa sabuni ya kufulia, wabunifu wakachora, umma ukashirikishwa, na vazi likazinduliwa kwa shangwe. Halikuwa baya. Tatizo lilikuwa kwamba asubuhi iliyofuata hakuna aliyekuwa na sababu ya kulivaa. Hakukuwa na harusi inayolidai, wala mazishi, wala sikukuu, na nguo isiyodaiwa na shughuli yoyote hubaki kwenye sanamu ya dukani.

Kanga zenu sisi huku tunaziita leso, na kuna familia moja ya wafanyabiashara wa Mombasa, inayojulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, ambayo imekuwa katika biashara hiyo tangu mwaka 1887. Kwa hiyo mkiitangaza kuwa vazi la taifa la Tanzania peke yenu, tutakutana mahakamani. Natania.

Mwana wa Pamba

Mimi ni Msukuma wa Simiyu, kwetu ni pamba, na nimechelewa kuingia kwa sababu nilikuwa ninatafuta namna ya kusema jambo hili bila kuonekana ninapinga kila mtu.

Nakubaliana na jirani kuhusu shughuli, na naomba nilisogeze mbele zaidi. Mnapobishana kama kanga ni ya Pwani au ya taifa zima, nendeni msibani. Mwaka jana tulimzika mama yangu mkubwa kijijini. Hakuna aliyetoa tangazo la mavazi. Kufikia saa nne asubuhi walikuwa wamefika wanawake zaidi ya mia: wa kanisani kwake, majirani Waislamu, wakwe kutoka Mara, walimu wa shule aliyokuwa akipikia, hata daktari aliyekuja na gari kutoka mjini akiwa na suruali. Huyo daktari alisimama kando ya gari, akafungua mkoba, akatoa kanga iliyokunjwa mara nne, akaifunga kiunoni juu ya suruali, akatanda ya pili mabegani, ndipo akaanza kutembea kuelekea uani. Ilimchukua muda mfupi tu, lakini mtu aliyetoka garini na mtu aliyeingia uani walikuwa watu wawili tofauti. Sijawahi kuona amri ya serikali inayotekelezwa na watu wengi kiasi hicho kwa ukamilifu kiasi hicho. Mtoto akizaliwa ni kanga, akibebwa mgongoni ni kanga, binti akichezwa ni kanga, maiti ya mama ikioshwa ni kanga. Tunatafuta vazi la taifa huku tumelikalia.

Kinachoniuma mimi ni kitu kingine. Pamba tunalima sisi: Simiyu, Shinyanga, Mwanza na mikoa ya jirani. Baba yangu amechuma pamba maisha yake yote, akiijaza kwenye magunia kwa kuikanyaga kwa miguu mpaka ishikamane, na sehemu kubwa ya pamba hiyo huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi, haijasokotwa, haijafumwa. Kisha mama yangu ananunua kanga iliyochapwa India, yenye methali ya Kiswahili iliyochorwa na mtu ambaye pengine haisomi. Tulikuwa na viwanda. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968, mwaka uleule ambao mzee wetu anasema tulikuwa tunapima urefu wa sketi. Ninajiuliza kama nguvu ile ya kupima sketi ingeelekezwa kwenye vinu vya kusokota nyuzi, leo tungekuwa wapi. Kwa hiyo, ndugu Msafiri, ukiniuliza kama fahari yetu ina kasoro, nitakujibu kwamba ipo, lakini haiko kwenye mshono wa koti lako. Iko kwenye lebo.

Mpenda Lugha

Kwa maoni yangu mnahangaika bure. Taifa hili lilichagua kujivika lugha. Ghana ina kente lakini bunge lake linajadiliana kwa Kiingereza, wakati sisi tunatukanana, tunachumbiana, tunatunga sheria na kuomboleza kwa lugha moja kutoka Kigoma hadi Pemba. UNESCO imeitengea Kiswahili tarehe 7 Julai kila mwaka, siku ambayo mwaka 1954 ndipo TANU ilipozaliwa. Bwana Msafiri asimame jioni hiyo na suti yake, aongee Kiswahili sanifu kwa dakika tano, atakuwa amevaa kuliko wote.

Mzee wa Zamani

Mwanangu, lugha naipenda kama wewe, ila haitoki kwenye picha. Aongee Kiswahili, tena asiongee dakika tano bali kumi, lakini akiwa amevaa kitu.

Kuhusu Ghana nataka kuongeza jambo, kwa kuwa nyinyi nyote mnaitaja kente kana kwamba ilishushwa kutoka mbinguni. Usiku wa tarehe 6 Machi 1957, Kwame Nkrumah alipotangaza uhuru, hakuvaa kente. Yeye na wenzake jukwaani walivaa batakari, joho la kufumwa linalotoka kaskazini ya nchi, kwa watu ambao wakati huo wakubwa wa kusini hawakuwahesabu sana, ilhali Nkrumah mwenyewe alikuwa mtu wa kusini. Kwa hiyo kama ni kuiga Ghana, tuige hilo: mtu wa upande mmoja avae nguo ya upande wa pili siku ambayo dunia nzima inatazama. Ndiyo maana hoja ya binti wa Unguja kuhusu kofia imenirudisha nyuma, na ninaondoa nusu ya pingamizi langu.

Msafiri wa Bara

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nilitarajia mnitajie jina la duka, na badala yake mmenisomesha.

Nimekiri moyoni kwamba mzee alinigusa pale aliposema kuna jambo sikulisema. Ni kweli, nilikwepa kanzu kwa sababu mimi ni Mlutheri na niliogopa maswali ya ndugu zangu watakapoona picha. Baada ya kusoma habari za bibi aliyekuwa akifumua tundu moja dirishani, hofu hiyo imeonekana ndogo na ya kitoto. Nimeamua kuvaa kofia ya viua, na nimeshamwandikia binti wa Unguja pembeni anielekeze kwa wanaodarizi kwa mkono. Nitalipa bei watakayotaja bila kuomba punguzo.

Lakini kanzu kamili bado naona si yangu, si kwa dini tena, bali kwa sababu sijui kutembea nayo, na mtu asiyejua kutembea na vazi huonekana amelikodi. Kwa hiyo narudi kwa fundi, ambaye aliahidi ushauri akanyamaza. Je, inawezekana kunishonea shati refu la pamba lenye kitu cha kanga ndani yake, bila kurudia msiba wa HAUOZI? Na kama ndivyo, nichague jina gani, ikiwa karibu watu wote watakaoniona hawajui Kiswahili?

Mshona Nguo

Sikunyamaza, nilikuwa nasubiri uniulize swali ambalo fundi anaweza kulijibu kwa mkasi.

Inawezekana. Tutatumia pamba nzito ya rangi ya maziwa, iliyofumwa hapa nchini ili ndugu yetu wa Simiyu alale usingizi, na ukinunua, geuza ukingo wa jora usome palipoandikwa ilikotengenezwa kabla hujalipa. Shati litafika katikati ya paja, litakuwa na mpasuo pembeni kama wa kanzu, shingo ya kusimama isiyo na kola, na vifungo vitano vilivyofichwa. Kwenye kanga sitakata mji. Nitachukua pindo pekee, nilizungushe shingoni, kwenye ncha za mikono na chini kabisa, kwa sababu pindo ni mstari mrefu unaovumilia kukatwa na likiunganishwa vizuri hakuna anayeona kiungo. Tafuta kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo maharusi huvishwa, kwa kuwa rangi zake hukaa vizuri juu ya rangi ya maziwa na wanawake wote watakaokuona hapa nyumbani wataitambua kabla hujasogea karibu.

Kuhusu jina, watu wasiojua Kiswahili ndio sababu ya kulichagua kwa makini, maana watakuuliza maana yake na jibu lako litakuwa ndilo mazungumzo ya jioni nzima. Achana na majina ya mafumbo ya majirani, usije ukamtafsiria balozi kwamba kanga yako inamsema mke mwenza. Mimi ningependa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nitalikata lote kwa ukamilifu wake, herufi ya kwanza hadi ya mwisho, na kulishonea ndani ya mgongo, kwenye bitana, ambako halitaonekana mpaka utakapolivua shati na kulitundika.

Niletee doti nzima, usiikate wala usiifue, kwani kanga mpya ina dondo na nikiikata ikiwa bado na dondo mkasi unakwenda sawa. Nipe wiki mbili. Siku tatu kabla ya safari sipokei tena.